Le Samouraï: Diski Imetoka, Kufuli Bado

Julai 2024 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa kwa picha ya 4K filamu ya Kifaransa Le Samouraï, aliyoiongoza Jean-Pierre Melville mwaka 1967. Mwezi uliofuata, tarehe 18, Alain Delon aliyeigiza muuaji wa kukodiwa Jef Costello alifariki akiwa na miaka 88.

Kwa mtu wa Kizuka, huku mwambao wa Rumonge nchini Burundi, kuinunua diski si kuiona. Diski hufungwa kwa kanda za dunia. Katika DVD, Burundi imo kanda ya 5, Ufaransa ya 2, Marekani ya 1, na deki iliyofungwa kwa kanda ya 5 itaikataa diski ya Paris. Blu-ray ina nafuu: Afrika na Ulaya zimo pamoja katika kanda B. Diski ya 4K haina kufuli hiyo, ila inadai deki na runinga zake. Mpango wa kanda uliwekwa ili kila soko liuziwe kwa wakati wake na bei yake. Naona umewaumiza zaidi wasio na duka linalowauzia.

Kufuli nzito zaidi ni lugha. Kifaransa ni cha shule na ofisi. Sokoni na mwaloni utasikia Kirundi na Kiswahili. Tanzania walijibu tatizo hili kwa filamu za kutafsiriwa, na Lufufu wa Dar es Salaam akapata jina kubwa kwa kusimulia juu ya picha. Ni sanaa halisi, nami naiheshimu. Lakini msimulizi wa aina hiyo hujaza kila kimya, na filamu hii imejengwa kwa kimya.

Tazama mwanzo wake. Chumba cha kijivu, mtu amelala kitandani, moshi wa sigara unapanda, ndege analia tunduni. Jef anainuka, anavaa koti la mvua, ananyoosha ukingo wa kofia mbele ya kioo. Barabarani anaingia katika Citroën isiyo yake na kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Dakika kama kumi zinapita kabla mtu hajatamka neno.

Yule ndege si pambo. Baadaye polisi wanaingia chumbani kwa siri na kutega kinasa sauti. Jef anarudi, anamkuta ndege anahangaika, anajua kuna mtu ameingia, anapekua mpaka anakipata. Hakuna anayemwambia mtazamaji lolote. Msimulizi akizungumza hapo, ameifuta sauti iliyobeba kisa chote.

Kwa hiyo filamu hii inahitaji maandishi ya Kiswahili chini ya picha, na maneno yake ni machache, hayamshindi mfasiri mmoja makini. Festicab, tamasha la filamu la Burundi lililoanza mwaka 2009, lingeweza kuomba kibali kwa wenye haki na kuisimamia kazi hiyo. Lianze na hii.