Lori la baba lina umri gani?

Katika nyumba nyingi za madereva wa masafa marefu, gari la baba hujulikana kwa rangi yake, kwa maneno yaliyoandikwa juu ya kioo cha mbele na kwa mlio wa honi. Watoto wanajua kama ni Scania, Howo au Fuso. Ukiwauliza lilitengenezwa mwaka gani, wengi watajibu kwa kujiamini: "Ni jipya, lina namba E."

Jibu hilo halisemi chochote kuhusu umri wa gari. Herufi za kwenye kibao cha namba zinaonyesha limesajiliwa lini Tanzania, si lini lilitoka kiwandani. Lori lililokwishafanya kazi Ulaya miaka 15, likashushwa bandari ya Dar es Salaam juzi, hupewa namba inayong'aa sawa na ile ya lori jipya kabisa. Mwaka halisi unaandikwa kwenye kadi ya gari, na kadi hiyo mara nyingi iko ofisini kwa tajiri. Dereva huondoka na nakala tu, ambayo nyumbani hakuna anayeiangalia.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Tanzania haikufuata njia hiyo ya kukataza, ila magari ya zamani yanabebeshwa ushuru zaidi. Ndiyo maana barabarani bado kuna Scania 113, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, linavuta mzigo bega kwa bega na malori yaliyozaliwa jana. Mafundi wanalipenda kwa sababu halina kompyuta, na spea zake zinapatikana hata kwenye vijiji vya njiani.

Mapenzi hayo yana sababu, na lazima isemwe wazi kuwa uzee peke yake hauui. Lori la miaka 20 linalopelekwa gereji kwa ratiba ni salama kuliko la miaka 5 linalokimbizwa mwaka mzima bila kuguswa. Lakini uzee una gharama zake. Chasisi hushika kutu kwenye maungio, mipira ya upepo hupasuka, nyaya hulegea na taa za nyuma zinazimika katikati ya usiku. Halafu yapo mambo ambayo gari la zamani halikuwahi kuwa nayo. Ulaya, tangu Novemba 2015, lori kubwa jipya linapaswa kuwa na mfumo unaofunga breki lenyewe linapokaribia kugonga kilicho mbele. Gari la 2005 halina msaada huo. Dereva wake anategemea macho yake, mguu wake na usingizi alioupata jana.

Mahali pa kuyaona yote haya ni mlima Kitonga mkoani Iringa, au miteremko ya Mbeya. Lori kubwa hutumia breki za upepo. Kompresa inajaza mitungi, dereva akikanyaga upepo unasukuma pedi zibane dramu, na msuguano huo huzaa joto. Kwenye mteremko mrefu joto linapanda kuliko linavyoweza kupoa. Dramu ya chuma ikipata moto inatanuka na kuzikimbia pedi, nazo pedi zinapoteza ushikaji. Dereva anakanyaga, mguu unakwenda, gari haliitiki. Kama fundi hakukaza breki vizuri kabla ya safari, hali hiyo inafika mapema zaidi.

Wengi huamini kwamba lori hukosa breki kwa sababu upepo umeisha. Ukweli ni kwamba upepo ukiisha kabisa, springi zilizomo kwenye breki hujifunga zenyewe na magurudumu yanagoma. Kinachoua mteremkoni zaidi ni joto na breki zisizorekebishwa. Wapo pia mafundi wa njiani ambao, springi zikigoma, huzifungia zisifanye kazi ili safari iendelee, na safari ikaendelea hivyo hivyo hadi mlimani.

Dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini imshike. Anayeweka nyutro ili kuokoa dizeli ameikabidhi breki kazi yote.

Tena kuna tela. Kichwa na tela vina namba tofauti na kadi tofauti, na huenda havilingani umri hata kidogo. Tajiri hununua kichwa kizuri, akakipaka rangi ya kampuni, nyuma kikavuta tela lililokwishapita mikononi mwa watu watatu. Sehemu kubwa ya mzigo iko juu ya ekseli za tela, lakini wakati wa kukagua, macho ya wengi yanaishia kwenye kichwa.

Matairi nayo yana tarehe ya kuzaliwa. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazima na huku mpira wake umekauka kwa kukaa stoo. Hili hata mtoto wa darasa la nne anaweza kumsomea baba yake lori likiegeshwa mtaani.

Kuuliza ni rahisi kuliko kukataa. Dereva anayemwambia tajiri kwamba gari hili haliendi anajua funguo zinaweza kupewa mwingine jioni hiyo hiyo, na posho ya safari ikaenda naye. Mke anayemwambia mumewe "usiende" anajua vilevile kwamba ada ya shule inadaiwa. Hapo ndipo makaratasi yanapopata maana. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, ingawa madereva wengi bado wanaendesha kwa makubaliano ya mdomo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipa fidia kwa aliyeumia kazini na kwa wategemezi wa aliyefariki. Mchango wake unatoka kwa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara.

Mjane asiye na nakala ya mkataba wala hati ya mshahara huanza kwa kuthibitisha kwamba mumewe alikuwa ameajiriwa. Nakala hizo, pamoja na picha za kadi ya kichwa na ya tela, zinaingia kwenye simu kwa dakika tano. Wakati mzuri wa kuzipiga ni jioni ile dereva yuko nyumbani na mzigo bado haujapakiwa.