Namna ya Kuchagua Kibomba cha Choki cha Bunduki ya Marisau

Wasomaji kadha wenye bunduki za marisau wametaka kujua habari za choki, hasa namna ya kupata nyingine badala ya ile iliyopotea au kuharibika. Jambo hili lataka uangalifu, maana vibomba hivi hufanana sana kwa macho, na mtu afungaye kisichokuwa cha bunduki yake huweza kupasua mtutu, na pengine kupotewa na vidole vya mkono ule ushikao mbele.

Choki ni kule kubanwa kwa tundu la mtutu karibu na mdomo wake. Marisau yakibanwa kidogo wakati wa kutoka, huenda pamoja mwendo mrefu zaidi kabla ya kutawanyika. Fundi W. R. Pape wa Newcastle, Uingereza, alipewa hati ya ufundi huo mwaka 1866, na miaka miwili baadaye Sylvester Roper wa Marekani akapata hati ya choki ya kufunga na kufungua mdomoni pa mtutu. Hata hivyo bunduki nyingi ziliendelea kuundwa na choki moja isiyobadilika, na nyingine za namna hiyo zatumika hata leo. Vibomba vyembamba vya kuingizwa ndani ya mtutu kwa hesi, yaani mikato ya parafujo, vilienea sana tangu miaka ya 1980.

Kabla ya kufikiri juu ya ubanaji, ujue kwanza bunduki yako ni ya namna gani. Soma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa mtutu. Nambari 12 maana yake ni kwamba mipira 12 ya madini ya risasi, yenye upana sawa na tundu lile, hupata uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu tundu la nambari 20 ni jembamba kuliko la 12, jambo ambalo huwashangaza wengi. Kisha tafuta jina la hesi. Mitutu mingi ya Remington huchukua vibomba viitwavyo Rem Choke. Vile vya Winchester viitwavyo WinChoke, na Invector ya kwanza ya Browning, na vya Mossberg 500, hesi zao ni moja. Lakini Invector-Plus ya Browning haiingii mahali pa Invector, ijapokuwa majina yao ni kama ya ndugu wa tumbo moja. Wala Optima ya Beretta si sawa na Mobilchoke ya Beretta iyo hiyo. Kwa hiyo haitoshi kumwambia muuzaji, “Nipe choki ya Beretta, nambari 12.” Mpelekee kibomba cha zamani ikiwa kipo, na jina la bunduki na maandishi ya mtutu yaliyonakiliwa sawasawa. Muuzaji mwenyewe awe mwenye leseni ya biashara ya silaha.

Tena kuna jambo la upana wa tundu lenyewe. Tundu la kawaida la nambari 12 ni kama milimeta 18.5, lakini mafundi wengine hulipanua makusudi: Mossberg 835 ni nambari 12 kwa jina, na tundu lake ni pana kama la nambari 10. Ubanaji ni tofauti kati ya upana wa tundu na upana wa mdomo wa kibomba, wala si upana wa mdomo peke yake.

Sasa tufikie vipimo. Kwa nambari 12, kibomba kisichobana hata kidogo hupeleka kiasi cha marisau 40 katika 100 ndani ya duara ya inchi 30 kwa mwendo wa yadi 40. Kinachobana robo, kama milimeta 0.25, hupeleka 50 na kitu. Cha nusu, milimeta 0.5, hupeleka 60. Na choki kamili, karibu milimeta 1, hupeleka 70. Wamarekani huandika herufi F kwa choki kamili, M kwa nusu, na IC kwa ile iliyo karibu na robo ya Waingereza. Vibomba vingi vina mikato midogo ukingoni: mmoja ni choki kamili, na kadiri mikato inavyozidi ndivyo ubanaji unavyopungua.

Watu wengi hupenda choki kamili kwa kuwa jina lake ni kubwa. Kwa maoni yangu, mtu atakayekuwa na kibomba kimoja tu afadhali achukue cha robo. Kwale arukaye kutoka majanini hupigwa kabla hajafika yadi 30; kwa choki kamili ama utamkosa kabisa, ama utamwokota akiwa hafai hata mchuzi. Kanga wenye hofu, wasiokubali kukaribiwa, ndio wastahilio nusu.

Ukitumia marisau ya chuma, habari hubadilika. Marekani ilikataza marisau ya madini ya risasi katika uwindaji wa bata na ndege wa majini nchi nzima tangu mwaka 1991, kwa kuwa ndege waliyameza wakafa kwa sumu, na tangu hapo marisau ya chuma yameenea. Chuma ni kigumu, hakikubali kubonyea kinapobanwa. Basi tumia kibomba kilichoandikwa kwamba chafaa chuma, wala usipite nusu ila mtengenezaji mwenyewe ameruhusu. Na risasi za donge moja, ambazo wengine huzitumia kwa nguruwe mwitu, zisipigwe kwa choki kamili. Hizo zataka mdomo usiobana, au ubanao robo.

Kibomba kipya kikisha kupatikana, usikipigie mara moja. Hakikisha bunduki haina kitu, ondoa mtutu, kisha ukifunge kwa mkono. Chapasa kuzunguka kwa wepesi hata kufika mwisho wake. Kikikaza njiani usikilazimishe kwa ufunguo. Baadaye tazama kutoka nyuma ya mtutu kuelekea kwenye mwanga. Ukingo wa ndani wa kibomba sharti uwe mpana kidogo kuliko tundu la mtutu, na uonekane sawa pande zote. Ukiona umetokeza ndani kama kizingiti, au umeelemea upande mmoja, kirudishe dukani: marisau yatagonga kizingiti kile kwa nguvu zote za baruti. Kisichofika mwisho nacho huacha nafasi, moto wa baruti ukapenya nyuma yake, mtutu ukavimba.

Ndipo ukijaribu kwa karatasi kubwa kwa yadi 40, mahali halali penye kilima nyuma yake. Chora duara ya inchi 30 palipo na matundu mengi, uhesabu. Aunsi moja ya marisau nambari 6 ya Kiingereza ina chembe kama 270, basi matundu 189 ni 70 katika 100. Lakini nambari 6 ya Kimarekani ni nene zaidi, aunsi ina kama 225, kwa hiyo angalia sanduku limetoka wapi. Piga karatasi tatu au zaidi kwa kila aina ya risasi, maana moja hudanganya.

Usipige kamwe bila kibomba, kwa kuwa hesi za mtutu zitaharibika. Zipake grisi kidogo, na kila baada ya risasi chache, bunduki ikiwa tupu, ujaribu kama kibomba hakijalegea. Kikiganda, kitie mafuta mepesi ya kupenya, ukiache usiku kucha, ndipo ukifungue kwa ufunguo wake. Koleo hubonyeza mdomo, na kibomba kilichobonyea hakitengenezeki tena.