Linki za kununua zawaumiza wenye tovuti changa Kampala

Kwa kampuni ndogo za safari zilizopanga vyumba kwenye maghorofa ya Nakasero, tovuti ndiyo duka lenyewe. Mteja wa gorila hapiti barabarani akaona bango. Yuko Munich au Toronto, anaandika maneno matatu kwenye mtambo wa utafutaji, na kampuni isiyotokea ukurasa wa kwanza kwake ni kama haipo. Tangu Julai 2024 kibali cha kuwaona gorila kinamgharimu mgeni asiye mkazi dola 800, hapo bado gari, dereva na malazi. Familia moja ikiangukia kwa mshindani, ni safari ya maelfu ya dola imekwenda.

Ndiyo maana biashara ya linki, yaani viungo kutoka tovuti nyingine ambavyo mtambo huvihesabu kama udhamini, imeshika. Wauzaji wake wanapita ofisi hadi ofisi, au wanatuma ujumbe kwa simu, wakiwa na vifurushi: linki kwa makumi, kwa mamia, na ahadi ya kupanda ndani ya miezi mitatu. Wanunuzi si wa safari tu. Wamo wapangishaji wa nyumba za wageni, wauza kahawa ya kukaanga, zahanati za meno na mawakili. Mtandao mmoja mkubwa wa kijamii ulipofungwa nchini Januari 2021, ukawa haufikiki bila VPN, wengi waliokuwa wakiuza humo walijifunza kuwa ukurasa wa kuazima si mali yako. Wakafungua tovuti. Tovuti changa haijulikani, na njia ya mkato ya kujulikana ilikuwa inauzwa.

Mmiliki mmoja wa kampuni ya safari, mama aliyeanza kwa kukata tiketi za ndege kabla ya kununua gari lake la kwanza la watalii, anaeleza yaliyompata kwa uchungu ambao bado haujapoa. Alijengewa tovuti, akapiga picha zake mwenyewe, akaweka bei wazi. Kijana aliyeijenga akamwambia tovuti bila linki haiendi popote, na kwa hilo hakumdanganya. Akalipia kifurushi. Wiki za mwanzo jina lake lilipanda, maulizo yakaanza kuingia, na akaongeza fedha. Kisha, bila barua wala onyo, tovuti ikashuka hadi kurasa ambazo hakuna anayezifungua. Maulizo yakakauka katikati ya maandalizi ya msimu wa Juni hadi Septemba, ambao ndio unaolipa kodi ya ofisi ya mwaka mzima.

Muuzaji alipoulizwa alisema linki zilikuwa chache, anunue zaidi. Aliponunua na hali isibadilike, aliambiwa sasa zinahitaji kusafishwa, na kazi ya kusafisha ina bei yake. Mama huyo anasema hapo ndipo alipoelewa kuwa ameuziwa ugonjwa na dawa na mtu yule yule. Malipo yalikwenda nje kwa kadi, risiti ya kielektroniki inayokubalika kwa mhasibu wake hakuna, na hivyo hata kuiandika kama gharama ya biashara ilikuwa vigumu. Kinachomkera kuliko fedha ni kwamba mpaka leo hajui kama aliadhibiwa, au zile linki ziliacha tu kuhesabiwa. Washindani wake wawili, anasema, wananunua kule kule na bado wako juu.

Jambo jingine alilitambua akiwa amechelewa. Anwani ya tovuti aliyoiona mpya haikuwa mpya. Ilikuwa na mmiliki kabla yake, ikaachwa, na katika maisha yake ya kwanza ilitangaza michezo ya kubahatisha. Linki za zamani zilikuwa bado zimeielekea. Ni kosa ambalo mtu angeweza kuliepuka kwa dakika chache, kwa kuangalia anwani hiyo kwenye hifadhi ya bure ya kurasa za zamani za intaneti kabla ya kulipia. Hakuna aliyemwambia, na aliyekuwa na wajibu wa kumwambia alikuwa analipwa kwa idadi ya linki.

Maelezo rasmi ya kampuni ya Marekani inayomiliki mtambo huo wa utafutaji yanatuliza zaidi kuliko yanavyoeleza. Aprili 2012, ilipotoa mabadiliko ya kukabili linki bandia yaliyokuja kujulikana kwa jina la Pengwini, ilisema yangegusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Ni namba inayosikika ndogo. Lakini ilikuwa asilimia ya maswali yanayoulizwa, haikuwa asilimia ya biashara zilizoanguka, na mwenye tovuti moja tu hana namna ya kugawana hasara na wengine. Oktoba mwaka huo huo kikatolewa chombo cha mwenye tovuti kuzikataa linki mbaya. Septemba 2016 Pengwini ikaingizwa ndani ya mtambo wenyewe, na kampuni ikasema tangu hapo linki bandia zitapuuzwa zaidi kuliko kumshusha mwenye tovuti. Desemba 2022 ikatangaza kuwa mfumo wake wa akili bandia unazibatilisha kwa wingi.

Kwa kusoma hayo, wauzaji wa hapa wamepata hoja mpya: hakuna adhabu tena, ukinunua vibaya unapoteza fedha tu. Hoja hiyo ina mashimo mawili. La kwanza, adhabu inayotolewa na mkaguzi wa kibinadamu haijafutwa. Hiyo huja na taarifa kwenye dashibodi ya bure ya wamiliki wa tovuti, na mtu huweza kuomba aangaliwe upya baada ya kusafisha. Wengi wa niliozungumza nao hawajawahi kuifungua dashibodi hiyo. Nywila yake anayo kijana aliyejenga tovuti. La pili ni zito zaidi kwa walio wachanga. Tovuti kongwe ikifutiwa linki bandia, inabaki na za halali. Tovuti ya miezi sita iliyosimama juu ya linki za kununua ikifutiwa zote, inabaki sifuri. Kwa mwenye duka hilo, tofauti ya kuadhibiwa na kupuuzwa haionekani kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Muuzaji mmoja aliyekubali kuzungumza bila jina anasema wateja wenyewe huulizia wingi, kwa hiyo naye huuza wingi. Bei hupangwa kwa alama za nguvu ya tovuti, kuanzia 1 hadi 100. Alama hizo zinatungwa na kampuni binafsi za vipimo, na wenye mtambo wamesema mara nyingi kuwa hawazitumii. Vilevile linki inayotoka kwenye anwani za .go.ug au .ac.ug hutajwa kama dhahabu, ingawa wenye mtambo wanasema mwisho wa anwani haumpi mtu uzito wowote wa ziada. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya bei ya soko hili inasimama juu ya namba ambazo mtambo hauzisomi.

Dalili za linki za kununua si siri. Tovuti ya wiki chache inapata mamia ya linki kwa pamoja, kutoka kurasa zinazozungumzia dawa, mikopo na mapishi. Karibu zote hutumia maneno yale yale ya kubofya, yale anayoyatamani mwenye biashara, wakati mtu anayekutaja kwa hiari huandika jina la kampuni yako au anwani yako tupu. Kampuni za safari za Afrika Mashariki zina ugonjwa wao wa zamani pia: ukurasa wa washirika, ambamo wewe unaniweka nami nakuweka, wakiwemo watu ambao hamjawahi kupelekeana mgeni hata mmoja. Kutajana kwa kiasi hakuna tatizo. Kubadilishana linki kupita kiasi kumetajwa wazi katika kanuni za mtambo.

Kulipia si kosa lenyewe. Tangu 2005 ipo alama ya kuuambia mtambo usiihesabu linki fulani kama udhamini, na mwaka 2019 ikaongezwa alama maalumu ya linki za kulipiwa. Linki yenye alama hiyo huleta wasomaji bila kuhatarisha tovuti. Wauzaji hawaipendi kwa sababu inawaondolea bidhaa wanayoiuza. Nasi wa vyombo vya habari tumo: tangu kanuni za mtambo za Machi 2024, tovuti inayokodisha heshima yake kwa makala za watu wengine ili zipande kwenye utafutaji inaweza kuchukuliwa hatua, na utekelezaji ulianza Mei mwaka huo. Magazeti yanayouza kurasa za namna hiyo yanapaswa kumwambia mteja ukweli huu kabla ya kupokea fedha yake.

Serikalini jibu ni matumaini. Afisa mmoja anayeshughulikia masuala ya teknolojia anasema soko la mtandaoni linakua na biashara ndogo ziingie haraka. Pengine. Lakini takwimu za watumiaji zinazotajwa kwenye hotuba aghalabu huhesabu laini, na mtu mwenye laini mbili huhesabiwa mara mbili. Nako kuingia mtandaoni kunatozwa: kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, ya mwaka 2018, iliondolewa Julai 2021, mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya data. Mafunzo yanayotolewa kwa wafanyabiashara, kwa maelezo ya waliohudhuria, huishia kwenye kufungua tovuti. Nani wa kumwamini baada ya hapo, hilo halifundishwi.

Waliofanikiwa bila kununua wapo, na njia yao ni ya polepole. Mwendeshaji mmoja mkongwe anasema ukurasa uliomletea linki nyingi hauna hata tangazo. Unaeleza kwamba Bwindi ina sehemu nne za kuanzia safari, yaani Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kwamba kibali hufungwa kwa sehemu moja. Wageni wengi hununua kibali cha Rushaga kisha wakalipia malazi Buhoma, halafu wanagundua usiku kuwa kati yao kuna saa kadhaa za barabara ya milimani. Aliandika muda halisi wa kila njia, hali yake wakati wa mvua, na kwamba kundi la wageni halizidi 8 na muda wa kukaa na gorila ni saa moja. Wasafiri walioandika kuhusu safari zao wakaunganisha ukurasa huo, kwa sababu uliwaokoa.

Njia za kupata linki nyingine alikuwa nazo tayari bila kujua. Loji anazopeleka wageni zina tovuti, na aliomba atajwe kwenye orodha za mawakala wao. Chama cha waendesha safari kinaorodhesha wanachama. Orodha ya wenye leseni ilikuwa na jina lake lakini anwani ya tovuti ilikuwa ya zamani. Ilimchukua miezi kuirekebisha. Shule anayoisaidia karibu na hifadhi ilimwandika yenyewe. Zote hizo hazijai kiganja, na zilikuja moja moja.

Swali ni kama mwanzilishi ana fedha za kungoja. Mama wa tiketi hana. Amefungua anwani nyingine, safari hii akiichunguza kwanza, na kwa sasa anaishi kwa wateja wa zamani na kamisheni za mawakala wa Ulaya. Kwa kampuni zilizo kama yake, mwaka ujao unaweza kuwa mgumu hata kwa wanaofuata kanuni: majukwaa makubwa ya kigeni ya kuuza safari yana fedha za kulipia matangazo juu ya ukurasa, na majibu ya akili bandia yameanza kukaa hapo hapo, yakimpa msafiri jibu kabla hajabofya tovuti ya mtu. Huenda ukurasa wenye taarifa za kweli ukatajwa ndani ya majibu hayo. Huenda usitajwe.

Wauzaji wameshaona mlango. Baadhi yao wameacha neno linki kwenye vifurushi vyao na sasa wanauza kutajwa na akili bandia, kwa ahadi ile ile ya miezi mitatu. Niliowauliza watapimaje kama bidhaa imefika, hawakuwa na jibu, na malipo bado ni ya mbele.