Ufundi Hautoshi Bila Hesabu: Somo la Ujasiriamali katika Vyuo vya Wananchi

Seremala kijana aliyehitimu mafunzo yake anaweza kutengeneza stuli isiyoyumba, yenye viungo vilivyokazana na uso uliolainishwa barabara. Mwalimu wake ameikagua kazi hiyo na kuikubali, na chuo kimempa cheti. Hata hivyo, si jambo la ajabu kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili randa na msumeno wa kijana huyo huuzwa, naye akaanza kutafuta kibarua mjini. Watu husema kwamba amekosa bidii, au amekosa mtaji, au hana bahati. Pengine sababu ni nyingine kabisa. Hakushindwa na mbao. Alishindwa na hesabu.

Ni kwa ajili hiyo somo la ujasiriamali limeingizwa katika vyuo vingi vya ufundi. Neno hili limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili, "jasiri" na "mali", nalo lina maana ya uwezo wa kuanzisha shughuli ya kuzalisha mali na kuubeba wajibu wa faida au hasara yake. Swali linaloikabili kila bodi ya chuo ni hili: somo hilo lijengwe namna gani ili limfae mwanafunzi atakapokuwa peke yake katika banda lake la kazi?

Stuli kumi na nne

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, nao waonyesha chanzo cha tatizo. Seremala anauza stuli moja kwa shilingi 9,000. Kila stuli humgharimu mbao za shilingi 4,000. Misumari, gundi na msasa shilingi 1,000. Vanishi shilingi 1,000. Na usafiri shilingi 500. Jumla ni shilingi 6,500. Gharama hizi huitwa gharama zinazobadilika, kwa kuwa huongezeka au kupungua kufuatana na idadi ya stuli zinazotengenezwa. Katika kila stuli, basi, hubaki shilingi 2,500.

Lakini ziko gharama nyingine zisizojali kama ametengeneza stuli moja au ishirini. Kodi ya banda ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Zana zake zilinunuliwa kwa shilingi 360,000, na zinakadiriwa kudumu miezi 36. Kwa hiyo kila mwezi uchakavu wake ni shilingi 10,000. Hizi ni gharama za kudumu, na jumla yake ni shilingi 40,000. Ukigawanya 40,000 kwa 2,500, jibu ni 16. Maana yake ni kwamba stuli 16 za kwanza za kila mwezi hurudisha gharama tu. Faida huanza katika stuli ya 17.

Sasa seremala huyu huuza stuli 14. Fedha zinazopita mkononi mwake ni shilingi 126,000. Akiondoa shilingi 91,000 za vifaa na usafiri, pamoja na shilingi 30,000 za kodi, hubaki na shilingi 5,000 mfukoni. Huona kwamba amepata faida, ingawa ndogo. Kwa hakika amepata hasara ya shilingi 5,000, kwa sababu hakuweka akiba ya uchakavu wa zana. Hasara hiyo haionekani kwa macho. Itaonekana siku ambayo msumeno utakatika na randa kuisha, naye hana fedha ya kununua nyingine. Tena hapo ujira wake mwenyewe haujahesabiwa hata senti moja.

Je, afanye nini? Akipandisha bei hadi shilingi 10,000, kila stuli itamwachia shilingi 3,500, na stuli 12 zitatosha kurudisha gharama zote. Akiuza zile zile 14 atapata faida ya shilingi 9,000. Lakini hesabu haiwezi kumwambia kama wateja watakubali bei mpya. Jambo hilo hujulikana kwa kwenda sokoni na kujaribu. Hapo ndipo ujasiriamali unapofanana na sayansi: kuna dhana, kuna jaribio, kuna vipimo, na kuna uamuzi unaofuata vipimo hivyo.

Vyuo vilivyokuwa na kijiji nyuma yake

Tanzania ina vyuo vinavyofaa sana kwa jaribio la namna hiyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden. Wazo lenyewe lilitoka katika vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia. Cha kwanza katika vyuo hivyo kilifunguliwa mwaka 1844 huko Rødding, kwa ajili ya watu wazima vijana wa mashambani ambao hawakupata nafasi ya kuendelea na shule.

Tanzania ililifungamanisha wazo hilo na siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mwanafunzi alitumwa na kijiji chake, akajifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo au upishi, kisha akatarajiwa kurudi kukitumikia kijiji hicho hicho. Kwa mpango huo kijiji kilikuwa mwajiri wake, na mara nyingi kilikuwa pia mteja wake. Kijana alihitaji kuifahamu kazi. Maswali ya mtaji, bei na soko yalikuwa ya wote.

Hali hiyo ilibadilika. Tangu mabadiliko ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980, biashara ilizidi kuachwa mikononi mwa watu binafsi. Mhitimu wa leo hutoka chuoni bila kijiji kinachomngojea na mradi. Vyuo hivyo, ambavyo idadi yake ni zaidi ya 50, vikiwamo vya Urambo, Newala, Ikwiriri na Kisarawe, vilihamishiwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia mwaka 2017. Baadhi yake hupokea pia wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito, ambao hurudi nyumbani wakiwa na mtoto wa kumlisha. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kutojua gharama ya kitu anachokiuza ni hatari inayoifikia sahani ya mtoto.

Utafiti waonyesha nini?

Wengi hudhani kwamba mhitimu akipewa mtaji mambo yatanyooka. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam miongoni mwa wafanyabiashara wadogo, na kuchapishwa mwaka 2015, uliweka dhana hiyo katika mizani. Baadhi yao walipewa mafunzo ya biashara, wengine walipewa fedha. Ilionekana kwamba ruzuku ya fedha peke yake haikuleta mabadiliko ya kudumu. Mafunzo yaliwasaidia wanaume kwa kiasi kikubwa, bali kwa wanawake athari yake ilikuwa hafifu.

Je, mafunzo ya aina gani? Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti waliwagawa wenye biashara ndogo katika makundi. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida. Kundi jingine lilifundishwa kanuni chache nyepesi, kama vile kutenganisha fedha za nyumbani na fedha za biashara. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliofundishwa kanuni nyepesi ndio walioboresha namna ya kutunza fedha zao. Uhasibu kamili haukuleta tofauti ya maana.

Utafiti wa tatu ulifanyika Togo na kuchapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza halikupata mafunzo. La pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara. La tatu lilipata mafunzo yaliyotungwa kwa msingi wa saikolojia, yaani jinsi ya kujianzishia jambo bila kungoja kuambiwa, kutazama mbele, na kutokata tamaa penye kikwazo. Katika muda wa miaka zaidi ya miwili iliyofuata, faida ya kundi la tatu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 30. Ongezeko la kundi la pili lilikuwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na sifuri. Kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 40 kwa asilimia 5.

Hapana budi matokeo haya yasomwe kwa uangalifu. Watu waliochunguzwa walikuwa tayari na biashara, ilhali mwanafunzi wa chuo bado hana. Hata hivyo, tafiti zote tatu zaelekea upande mmoja. Fedha bila maarifa haidumu, na maarifa yanayoishia daftarini hayazai.

Kuijenga programu

Kutokana na hayo, programu ya ujasiriamali yaweza kujengwa kwa hatua tano.

Kwanza, mwanafunzi aanze sokoni kabla ya karakana. Katika majuma ya mwanzo atumwe kuhesabu: ni mafundi wangapi wanaouza kitu kile kile, kwa bei gani, na wateja wanalalamikia nini. Ripoti yake isomwe mbele ya darasa na kuulizwa maswali.

Pili, somo hili lisitengwe na ufundi. Mwalimu wa useremala na mwalimu wa ujasiriamali wakae pamoja. Mwanafunzi anapokata ubao, aandike bei ya ubao huo. Mabaki yanayotupwa yapimwe pia, kwa kuwa nayo yamelipiwa.

Tatu, mwanafunzi azalishe kitu cha kweli na kukiuza kwa mtu wa kweli. Chuo kianzishe mfuko mdogo wa kukopesha vifaa kwa vikundi vya wanafunzi watatu au wanne, nao wairudishe gharama baada ya mauzo. Hasara ndogo inayopatikana chuoni, mbele ya mwalimu, ni somo la bei nafuu.

Nne, kanuni ziwe chache na zirudiwe hadi ziwe desturi: fedha za biashara na za nyumbani zisichanganywe; kila mauzo yaandikwe siku hiyo hiyo; uchakavu wa zana uwekewe akiba; fundi ajilipe ujira maalumu.

Tano, chuo kisimwache mhitimu langoni. Mwalimu amtembelee katika mwaka wa kwanza na kulikagua daftari lake. Chuo kimwelekeze pia penye msaada. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lipo kwa kazi hiyo. Halmashauri nazo hutakiwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anayekwenda huko akiwa na daftari la miezi sita la mauzo na gharama anazo hoja ambazo hana yule aliyekwenda na cheti peke yake.

Programu ya namna hii haihitaji majengo mapya. Yahitaji walimu waliokubali kutoka darasani, na njia ya kujipima. Kipimo chake kisiwe idadi ya vyeti vilivyotolewa. Kiwe idadi ya wahitimu ambao, baada ya miaka miwili, bado wanafanya kazi waliyojifunza.

Jaribio kwa darasa

Shule za sekondari nazo zaweza kuanza. Wanafunzi wachague kitu kimoja kinachotengenezwa karibu na shule, kwa mfano maandazi, matofali au sabuni ya maji, na wamwombe mtengenezaji ruhusa ya kuhesabu pamoja naye. Waorodheshe gharama zinazobadilika na zile za kudumu, wasisahau uchakavu wa vyombo, kisha wagawanye kama ilivyofanyika katika mfano wa stuli. Idadi watakayoipata wailinganishe na idadi inayouzwa kwa kweli.

Jibu huenda likamfurahisha mtengenezaji, au likamshtua. Vyovyote vile, atakuwa amejua stuli yake ya 17 iko wapi.