Entebbe yarudiwa, Mbarara yasubiri zamu

NAKIVALE, Isingiro – Kijana mmoja kutoka Kongo, mteja wa kila jioni wa kibanda cha video hapa makazini, ana ugomvi na sinema za kihistoria. Si kwamba hazipendi. Hupanda gari hadi Mbarara kujaza mpya kwenye flashi. Kinachomuudhi ni kurudiwa kwa yale yale.

Uokoaji wa mateka wa Entebbe, Julai 1976, ulitolewa sinema tatu kabla ya mwaka 1977 kwisha, na nyingine ikaja 2018. Kwake, kurudia kunafaa ikiwa aliyekosa kusikika mwanzoni sasa anapewa nafasi ya kusema. Lakini ndege ikiruka, kamera nayo huondoka. Wakenya waliouawa Uganda kwa kisasi cha Amin wanasahaulika. Na hoja yake ina uzito. Hata Mbarara, mji ulioingiwa na majeshi ya Tanzania Februari 1979, hajawahi kuuona kwenye sinema ya vita hivyo.

Hotel Rwanda, ya 2004, anayo kwenye flashi. Haombi iwekwe. Nakivale imepokea Wanyarwanda tangu miaka ya 1960, na benchi la nyuma huwa na watu wazima wasioulizwa walikotoka.