Umeambiwa 'pinda kulia'. Kulia kwa nani?

Baada ya karo kunishinda nikaacha chuo, nilianza kusambaza chakula kwa boda. Siku moja simu ikaisha chaji nikiwa Pipeline, Embakasi, na kichwani nilibaki na maelekezo haya tu: "Ukifika duka la M-Pesa, pinda kulia." Nikapinda. Kumbe mteja alikuwa akimwelekeza mtu anayetoka Outering, na mimi nimeingilia upande wa pili. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Chipsi zikapoa, na pesa zikakatwa kwa malipo yangu.

Sasa sikia hii. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kuna lugha inaitwa Guugu Yimithirr (ndiyo iliyoipa dunia neno kangaruu). Kwa jadi, wenyewe hawaelekezi kwa kulia na kushoto. Ni kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, hata mkiwa mezani: sukuma kikombe magharibi kidogo. Unacheka, lakini ili uongee hivyo lazima ujue kaskazini iko wapi kila dakika, hata usiku, hata ndani ya nyumba. Wewe ulipo saa hii, unaweza kuionyesha?

Huko huko Queensland, katika kijiji cha Pormpuraaw, watafiti Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa watu picha za matukio wazipange tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi na wewe tungezipanga kutoka kushoto, jinsi tunavyosoma. Wasemaji wa lugha ya Kuuk Thaayorre mara nyingi walizipanga kutoka mashariki kwenda magharibi, njia ya jua. Wakikaa wakitazama upande mwingine, mpangilio nao unageuka. Matokeo yalichapishwa 2010. Kuna wataalamu wanaobisha kwamba ni mazingira, si lugha. Mimi naona ni vyote viwili.

Na usidhani Kiswahili kiko nyuma. Kaskazini imetokana na kaskazi, upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusini ni kusi, uliowarudisha. Na kulia? Ni mkono wa kulia chakula. Mabaharia wa Lamu walibeba pepo kichwani. Sisi wa Nairobi tumebaki na mkono wa ugali.

Siku hizi nikiambiwa "kulia" nauliza kwanza, "Ukitokea wapi?" Juzi mteja mmoja akanirudishia, "Kwani wewe unatokea wapi?" Nikamjibu, "Kusini." Akakata simu.