Jembe Lisimtoe Mtoto Darasani



Wengi wetu hapa ni watoto wa wakulima. Jembe limetulisha, tena limelipa minervali yetu. Kwa hiyo hatusemi kila kazi ya shamba ni mbaya. Mtoto akimsaidia mama kuchambua maharagwe baada ya masomo, hayo ni malezi. Lakini akibeba kitunga cha mihogo kinachomzidi nguvu, akipuliza dawa ya wadudu, ao akikosa shule juu ya shamba, hapo kazi inamwibia. Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na UNICEF walihesabu kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 duniani walikuwa katika kazi zisizowafaa. Kati ya kila 100, 61 walikuwa katika kilimo.

Mtoto anaacha shule namna gani? Si kwa siku moja. Huku kwetu Kivu shule inafunguliwa mwezi wa 9, na ndio wakati wa kupanda. Mwezi wa 2 na wa 3 tunapanda tena. Mtoto anakosa siku mbili, halafu juma nzima. Akirudi anakuta wenzake wamefika mbali katika hesabu. Anapata sifuri, anaona haya. Mzazi anasema: «Huyu hana akili, heri alime.» Kumbe akili iko, zilizokosa ni zile siku! Ndivyo tulivyompoteza mwenzetu tuliyekaa naye kiti kimoja. Nasi tulinyamaza.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za umma. Ubure huo ulianza kutekelezwa mwezi wa 9 mwaka 2019. Ni jambo zuri, lakini wakati wa kupanda jembe lingali linamwita mtoto.

Sasa tufanye nini?

1. Mwenzetu akikosa siku mbili, tufike kwao. Si kwa kumshitaki, bali kumpelekea daftari anakili masomo.

2. Sisi wakubwa tuwafundishe wadogo waliochelewa, saa moja baada ya masomo.

3. Katika mkutano wa wazazi tuombe kwa heshima kazi ya watoto ipangwe siku ya posho, wala isiwe saa za darasa.

Kesho asubuhi, majina yakiitwa, tusikilize vizuri: nani hakuitika?

Kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Kapita wa wanafunzi